Feni Isiyoshtuka

Kabla ya kugusa bisibisi, fundi aliomba daftari. Nilimpa kaunta buku kuukuu, akalikunja likawa bomba, ncha moja akaiweka sikioni na nyingine ubavuni mwa kompyuta. Akasikiliza mbele. Akasikiliza nyuma. Akasogeza bomba upana wa kidole, akafumba macho. Alikaa hivyo hata mke wangu, aliyekuwa akipita na ungo wa mtama kwenda uani, akasimama mlangoni na kuniuliza kwa macho kama kijana yule amepitiwa na usingizi.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "hapa kuna kelele tatu, si moja."

Mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nimesikia moja.

Naishi Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mji mdogo unaoufikia kwa kuiacha barabara kuu ya Singida na Nzega pale Iguguno na kushika njia ya kaskazini. Nilipostaafu ualimu nilianza kurekodi hadithi za wazee kwa Kinyiramba, chumbani mwangu, kwa maikrofoni ya mezani na dekstopu ya mtumba iliyotumika ng'ambo kabla ya kutufikia. Ni lile boksi ambalo wengi wetu huliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kidude kimoja tu ndani yake. Kila rekodi ilitoka na mvumo. Ungekuwa mvumo wa namna moja, ningeuzoea. Lakini ulipanda na kushuka, na ulijua kuchagua wakati mbaya: bibi akishusha sauti pale fisi anaponyata kumfuata sungura, mashine nayo inapandisha ya kwake.

Nilimwita fundi nikitaka aniuzie feni mpya. Hakuwa na haraka ya kuuza.

Kelele ya kwanza, alinieleza, ni mkwaruzo wa beringi ya feni ya nyuma. Mafuta yamekauka, mhimili unacheza ndani ya tundu lake. Ya pili ni hewa yenyewe, inapojilazimisha kupita kwenye matundu yaliyozibwa na vumbi. Ya tatu haitoki kwenye feni kabisa: ni bati la boksi linalotetemeka kwa kuwa feni imekazwa juu yake kwa skrubu za chuma. Alithibitisha kwa kuligandamiza bati kwa kiganja, na robo ya kelele ikapotea papo hapo. Beringi mbovu hubadilishwa, njia iliyoziba husafishwa, bati linalotetemeka hutenganishwa na kinacholitetemesha. Asiyezichambua hununua feni mpya, akarudi nyumbani na kelele mbili zilizobaki.

Akazima, akachomoa waya wa ukutani, akafungua. Vumbi la kwetu ni jepesi, lina wekundu, na kwa miaka miwili lilikuwa limeshonana na nyuzi za nguo likawa kama blanketi kwenye mapezi ya hitisinki, kile kipande cha aluminiamu kinachokaa juu ya prosesa, ile sipiyu yenyewe, na kubeba joto lake. Alilipuliza nje kwa blowa, uani, mgongo akiuelekeza kwenye upepo. Lakini kabla ya kila pulizo alizuia mapanga ya feni kwa kidole. Nilidhani ni mazoea tu. Akasema blowa huweza kuzungusha feni kuliko kasi iliyoundiwa, beringi ikaumia. Tena mota inayozungushwa kwa nguvu ya nje hugeuka jenereta, ikarudisha umeme kule ambako haukutarajiwa. Kidole kimoja kilikuwa kinazuia madhara mawili.

Kwa bati alitumia kipande cha tyubu ya baiskeli. Alikikata vipete vinne vya ukubwa wa kitufe cha shati, akavipachika kati ya feni na bati, na skrubu akazikaza kwa vidole viwili tu, mpaka pale mpira unapoanza kubonyea. Akikaza zaidi, mpira unakuwa kama chuma na mtetemo unapata daraja la kuvukia. Hapo niliona tofauti ya fundi na mtu mwenye bisibisi: mwenye bisibisi hukaza mpaka mwisho, fundi anajua mahali pa kusimama.

Zikaja nyaya. Feni ya kompyuta, ukiitazama juu juu, ni mapanga saba au tisa na mkia wa nyaya. Katika ule mkia ndimo ilimo elimu yote. Nyaya mbili za kwanza huizungusha: mmoja huleta volti 12, mwingine hurudisha umeme. Waya wa tatu hauleti kitu, hupeleka habari. Ndani ya kitovu cha feni kuna kihisi kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Sumaku ya mapanga ikipita mbele yake, hutoa pigo. Kwa kawaida kila mzunguko mmoja hutoa mapigo mawili, hivyo feni ya mizunguko 600 kwa dakika hutuma mapigo 20 kila sekunde, na mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, huyahesabu kama muuguzi aliyeshika kifundo cha mkono. Mapigo yakikosekana kwenye soketi ya feni ya prosesa, mashine nyingi hukataa kuendelea kuwaka: huandika lalamiko kwenye skrini na kusubiri ubonyeze kitufe. Wapo wanaoikasirikia tabia hiyo na kuinyamazisha kwenye mipangilio. Fundi wangu alisema ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu anabisha hodi usiku.

Waya wa nne ni wa amri. Kabla yake, njia ya kuipunguza feni kasi ilikuwa kuipunguzia chakula: badala ya volti 12 unaipa 9, au 7, au 5. Feni za nyaya tatu hutawaliwa hivyo hadi leo. Katikati ya miaka ya 2000, Intel iliweka kanuni ya nyaya nne: feni ipewe volti 12 zake zote muda wote, na waya wa pembeni uiambie izunguke kiasi gani. Amri hiyo huja kwa kuwashwa na kuzimwa kwa ishara mara 25,000 kila sekunde. Ishara ikiwa imewashwa theluthi ya muda, feni hujua inatakiwa ijongee polepole. Ikiwashwa moja kwa moja, hukimbia. Namba hiyo 25,000 ina sababu yake. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na la mstaafu hukomea chini zaidi. Huwezi kuisikia feni ikiamriwa. Unachosikia ni utii wake tu.

Plagi ya nyaya tatu huingia kwenye soketi ya pini nne, maana ulimi wa soketi umekaa mkabala wa pini tatu za mwanzo. Lakini mazabodi ikiwa inaongea kwa waya wa nne peke yake, feni isiyo na waya huo haisikii kitu, ikakimbia kwa nguvu zote mchana kutwa. Ndivyo ilivyokuwa feni yangu ya nyuma. Yule aliyeifunga zamani aliichomeka, ikazunguka, akaridhika. Fundi aliingia kwenye baiosi, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, akaigeuza ile soketi itawale kwa volti, na feni ikashusha pumzi.

Kuna mtego katika rangi, na alinionyesha akitabasamu. Kwenye feni nyingi za nyaya tatu, mwekundu ndio wa volti 12 na wa njano ndio wa mapigo. Kwenye mpangilio wa Intel wa nyaya nne, wa njano ndio wa volti 12, wa kijani ndio wa mapigo, na wa bluu ndio wa amri. Njano yule yule, huku mjumbe, kule mwenye nguvu. Na feni nyingi za siku hizi nyaya zake zote ni nyeusi. Kwa hiyo yeye hahesabu rangi, huhesabu nafasi: ya kwanza ya kurudishia, ya pili ya volti, ya tatu ya mapigo, ya nne ya amri. Akikutana na zile kompyuta za ofisini zenye plagi za kiwanda kimoja pekee, zenye pini tano au sita, haunganishi kwa kubahatisha. Hupima kwa mita, huchora plagi kwenye kipande cha boksi la karatasi, huandika kila pini kazi yake, ndipo hukata waya. Droo yake ina michoro mingi ya namna hiyo, imefungwa kwa mpira kama pesa.

Mbele ya boksi langu palikuwa na nafasi ya feni ya milimita 120 ambayo haikuwahi kujazwa. Nyuma ilikuwepo ya milimita 80, inayokimbia kama mizunguko 2,000 kwa dakika. Hapo fundi aliomba tena daftari, safari hii la kuandikia, na mimi niliyefundisha hesabu kwa miaka mingi nikawa mwanafunzi.

Feni mbili zikiwa na umbo moja, hewa inayopita huongezeka kwa mchemraba wa kipenyo. Milimita 120 ni mara moja na nusu ya 80. Moja na nusu, mara moja na nusu, mara moja na nusu, unapata tatu na kidogo zaidi. Kwa hiyo feni kubwa inaweza kupitisha hewa ile ile kwa mizunguko kama 600 tu, mahali ambapo ndogo inahitaji 2,000. Na kasi ndiyo mama wa kelele. Ukiipunguza feni kasi kwa nusu, hewa inabaki nusu, lakini umeme inaokula unabaki sehemu moja ya nane, na kelele inashuka takriban desibeli 15. Ukiweka feni ya pili kama hiyo kando yake, nayo kwa nusu kasi, umeirudisha hewa yako yote, na kelele imeongezeka desibeli 3 tu. Jumla umeshusha 12, na sikio huhesabu kila 10 kama kelele kupungua nusu. Feni mbili zinazotembea zimefanya kazi ya moja inayokimbia, kwa robo ya umeme. Wahenga waliosema polepole ndio mwendo walidhaniwa wanawatetea wavivu, kumbe hesabu iko upande wao.

Lakini hakuna cha bure. Feni kubwa ya polepole hubeba hewa nyingi kwa msukumo dhaifu. Katika hesabu ile ile, msukumo wake ni kama sehemu moja ya tano ya ule wa ndogo inayokimbia. Ikikutana na kizuizi, inazunguka mahali pamoja kama mtu anayesukuma ukuta. Ndiyo maana ile kazi ya kupuliza vumbi ilitangulia, na ndiyo maana sasa alitumia karibu saa nzima kwenye jambo ambalo hakuna mteja angemlipa kwalo: kuzikusanya nyaya zote zilizoning'inia ndani, kuzilaza nyuma ya bati, na kuzifunga, ili katikati pabaki wazi. Chujio alitengeneza kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Nilipendekeza kitambaa, kwamba kingezuia vumbi zaidi. Akakishika kitambaa mdomoni pake, akavuta pumzi, akanipa nami nijaribu. Sikuuliza tena.

Feni ya 120 ilitoka kwenye kopo lake la vipuri. Ile ya nyuma, ya kurithi nafasi ya yenye beringi mbovu, ilikuja kwa basi kutoka Singida siku ya pili. Kabla ya kuzifunga alitafuta mishale iliyochorwa kwenye fremu; pasipo mshale, upande wenye miguu inayoshika mota ndiko hewa inakotokea. Ya mbele iingize, ya nyuma itoe, na inayoingia izidi kidogo inayotoka. Hewa ikizidi ndani, hutafuta upenyo wa kutokea katika kila ufa wa boksi, na vumbi halipati ufa wa kuingilia isipokuwa mbele, kwenye chujio. Kisha akawasha dawa ya mbu ya kuzungusha, akaiweka mbele ya boksi. Moshi uliingia chini, ukapotea, ukatokea nyuma juu kwa mkanda mmoja ulionyooka. Akautazama moshi ule kama mtu anayesoma barua.

Ilibaki kazi ambayo mimi naiona ndiyo yenyewe. Feni ziko kimya sasa, lakini mashine bado inaweza kuzipandisha na kuzishusha itakavyo. Na nilichokuwa nikiteseka nacho tangu mwanzo kilikuwa huko kupanda na kushuka. Sikio husamehe sauti iliyotulia. Husahau jokofu, husahau mvua ya usiku. Haliwezi kusahau kinachobadilika.

Prosesa ni kipande kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ukifungua programu, joto lake huruka nyuzi 10 au zaidi kwa sekunde moja, kisha hurudi. Hitisinki iliyo juu yake ni chuma kizito, hupata joto kwa dakika, si kwa sekunde. Mashine iliyopangwa vibaya husikiliza prosesa: kila mruko, feni inashtuka, inapiga kelele, inagundua hakuna jambo, inashuka. Mashine iliyopangwa vizuri husikiliza chuma.

Wakati ananieleza hayo, dirishani alionekana mke wangu uani, ungo juu, anamwaga mtama upepo uchukue makapi. Upepo wa Singida mnaujua. Ukija kwa kishindo, mama yule hakuufuata. Alishusha ungo, akasubiri. Ulipotulia ukawa mkondo mmoja, akainua tena. Fundi alimtazama kidogo, akasema, "Mama anafanya kazi yangu."

Akafungua baiosi, penye mchoro wa joto na kasi. Chini ya nyuzi 50, feni ya prosesa iende kwa asilimia 30. Ikifika 65, asilimia 50. Ikifika 80, yote. Kati ya hapo, mteremko mpole usio na ngazi. Kisha akaweka subira: joto likipanda, feni isubiri sekunde kadhaa kabla ya kuitika, na likishuka, isubiri zaidi. Akaacha na pengo, yaani iliyopanda kasi kwa nyuzi 60 isishuke mpaka joto lifike 55, isije ikakaa mpakani ikipanda na kushuka kama mtoto kwenye ngazi.

Kwa feni ya nyuma, inayotawaliwa kwa volti, alikuwa na jaribio jingine. Feni huhitaji nguvu zaidi kuanza kuliko kuendelea, kama gari la kusukuma. Yangu iliendelea kuzunguka hata kwa volti 5, lakini ukiizima na kuiwasha kwa volti hizo hizo, haikuanza. Angeacha 5, kila kitu kingeonekana sawa hadi umeme ukatike na kurudi, kisha feni ingelala bila mtu kujua, kwa maana kimya chake ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Alipandisha kidogo kidogo mpaka ikaanza mara kumi kati ya kumi, akaongeza akiba juu yake. Programu ya fancontrol, inayotumika kwenye Linux, nayo huuliza namba mbili mbali mbali, ya kuanzia feni na ya kusimamia. Aliyeiandika alishakutana na feni iliyolala.

Nilidhani tumemaliza. Ilikuwa saa moja jioni, chumba kimepoa, kompyuta haisikiki. Fundi alikataa kupokea fedha yake. Akasema atarudi kesho saa nane mchana.

Saa nane mchana, chini ya bati, chumba changu ni tanuri. Akaipa kompyuta kazi nzito kwa nusu saa, tukakaa tukitokwa jasho, yeye macho kwenye namba. Joto la chumba likizidi nyuzi 8, la prosesa nalo huzidi kama 8 kwa kazi ile ile na feni ile ile. Aliyepima jioni amepima jioni tu. Ukimya wa bei rahisi upo, alisema: chomoa waya. Prosesa itajipunguzia kasi yenyewe ikikaribia nyuzi 100, ikishindwa itazima mashine kujiokoa, na chumba kitakuwa kimya kama kaburi. Namba zilipanda, zikafika 71, zikakaa hapo. Feni ilikuwa imepanda nayo, lakini polepole mno hata sikuweza kusema ilianza lini.

Ndipo akapokea fedha. Kiasi kilikuwa kidogo kwa siku tatu, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba wateja wengi huona hata hicho ni kingi, maana wakiwasha mashine hawasikii walicholipia.

Juma lililofuata bibi alirudi kumalizia hadithi yake. Alifika pale fisi anaponyata, akashusha sauti, akanyamaza, kama wanavyonyamaza wasimulizi wanaojua kazi yao. Usiku niliisikiliza rekodi kwa spika za masikioni nikitafuta mvumo. Katika ule unyamavu nilisikia pumzi yake, jogoo wa jirani, na mbali kidogo bati la paa likigongwagongwa. Nilimpigia fundi kumpa habari njema na kumuuliza kama na hiyo ya paa ina dawa.

"Hiyo hapana, mwalimu," akasema. "Upepo wa Singida hauna waya wa bluu."